Fizike ao matematike? Kwanza ombeni kuona laboratwari

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na baba mnaolipa minervali kwa gramu za dhahabu,

Kila mwaka masomo ya chuo kikuu yakianza, tunaletewa swali ambalo zamani halikuwa kwenye meza ya sendika. Zamani watu walitufuata juu ya shimo lililofungwa, juu ya mizani inayoiba, ao juu ya kijana aliyekufa chini na familia yake haijapata hata pesa ya sanduku. Leo wanakuja na mambo hayo yote, tena na karatasi ya chuo: mtoto amefika mahali pa kuchagua, achukue kozi ya fizike ao ya matematike, na jibu linatakiwa kabla ya juma kwisha. Mzazi anatuuliza: ninyi mnasema nini?

Sisi si maprofesa. Wengi wetu tulifika sekondari, kisha shimo likatuita. Lakini kozi hiyo inalipwa na jasho la shimo, na ujuzi wake ndio unaokosekana kule chini, kwa hiyo hatuoni haya kutoa mawazo yetu. Tunayasema mapema. Mahali ambapo chuo kina laboratwari inayofanya kazi, mtoto wa mchimbaji achague fizike. Mahali ambapo laboratwari ni mlango wenye kufuli tu, achague matematike bila kusikitika. Na sisi wazazi tupiganie kufuli hiyo ifunguliwe.

Tuelewane kwanza juu ya chaguo lenyewe. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo viliingizwa mu mtindo wa LMD. Lisanse ni miaka 3, na mwanafunzi anapaswa kukusanya kredi 180, yaani 60 kila mwaka. Kozi nyingi ni za lazima kwa wote. Zingine ni za kuchagua, na hapo ndipo mtoto wa jeolojia, wa infomatike ao wa ualimu anajikuta kwenye njia panda. Aliyechukua fizike hataacha kuhesabu, na aliyechukua matematike hajafungiwa mlango wa madini. Lakini kozi moja inaweza kumpa mwalimu wa kumwongoza, kazi ya kumalizia masomo, hata njia ya kuingia mastere. Si jambo la kurushia sarafu.

Sababu tunazosikia mara nyingi zinatuuma. Mmoja anasema: asistanti wa kozi ile anatoa pointi bila shida. Mwingine: rafiki zangu wote wamechukua hii. Na kwa binti zetu iko sababu moja mbaya kuliko zote, kwamba fizike ni ya wanaume. Mama anayetwanga mawe ya dhahabu mchana kutwa na kuyachekecha mu karai la maji anajua kwamba kizito kinabaki chini na chepesi kinaondoka na maji. Hiyo ni fizike, na binti yake ameiona tangu akiwa mgongoni.

Sasa tushuke shimoni tuone kozi hii inatafuta nini kule.

Tuanze na maji. Kila mchimbaji wa Misisi ameona hii: mvua imejaza shimo, tunakodisha motopompe, tunaiweka kwenye mdomo wa shimo, tunashusha bomba. Mashini inanguruma, esanse inakwisha, maji hayapandi. Tunasema mashini imechoka, ao bomba limetoboka, ao kuna mtu ametufanyizia jambo. Kumbe mashini haina kosa. Pompe haivuti maji namna mtu anavyovuta kamba. Inapunguza hewa ndani ya bomba, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unasukuma maji yapande. Na uzito huo una mwisho wake: kando ya bahari unaweza kupandisha maji mita 10 hivi, haizidi sana. Watu wa Italia walikutana na jambo hili mu karne ya 17, pompe zao zilipokataa kupandisha maji kupita kipimo hicho, na mwaka 1643 Evangelista Torricelli akaonyesha kwamba sababu ni uzito wa hewa.

Huku kwetu ni vibaya zaidi. Uso wa ziwa Tanganyika wenyewe uko zaidi ya mita 760 juu ya bahari, na mashimo ya milimani yako juu kuliko ziwa. Ukifika mita 2000, hewa inabaki na karibu asilimia 80 ya nguvu yake ya pwani. Zile mita 10 zinakuwa 8 kwenye karatasi, na kwa motopompe ya kukodi, yenye bomba la kuvuja, unapata chini ya hapo. Shimo la mita 15 halitakauka kwa mashini iliyo juu, hata mngenunua esanse ya mwezi mzima.

Kisha inakuja hatari yenyewe. Sababu maji hayapandi, kijana mmoja anasema: tuishushe mashini chini. Mashini ya esanse ndani ya shimo inatoa monokside ya kaboni, hewa isiyo na harufu wala rangi. Watu wanaumwa kichwa, wanalegea, wanalala, hawaamki. Na wale wanaojitegemea kwa mshumaa wajue: mshumaa unaweza kuendelea kuwaka huku hewa hiyo inaua watu. Mwenye kujua angesema tangu juu: mashini ya moto ibaki nje, kishuke chini pompe ya umeme ya kuzamishwa ndani ya maji, ile inayosukuma kutoka chini. Ni maneno ya dakika tano, lakini lazima awepo mtu wa kuyasema na wenye shimo wamwamini.

Tunakumbuka tarehe 11 Septemba 2020 kule Kamituga, pale wanapopaita Detroit. Mvua kubwa, maji yakaingia mu mashimo, watu karibu 50 wakahofiwa kufa. Hatusemi kozi moja ya chuo ingewaokoa. Tunasema udongo uliolowa hausimami kama udongo mkavu, na kwenye mashimo mengi tunayotembelea hakuna mtu anayejua kupima tofauti hiyo. Tunapima kwa macho na kwa maombi.

Njooni sasa kwenye mizani. Dhahabu safi ina uzito mara 19,3 kuliko maji ya ujazo uleule. Maana yake, kipande cha gramu 19,3 kikitundikwa kwa uzi ndani ya maji, mizani inapaswa kuonyesha kimepungua gramu 1 tu. Kikipungua gramu 1,2, basi ndani kuna fedha, shaba ao kitu kingine. Hapo unahitaji mizani nzuri, uzi na glasi ya maji. Wa koltani na kaseterite nao wanajua kile chombo cha mnunuzi, kinachofanana na bunduki ndogo. Anakielekeza kwenye mchanga, anasoma, anasema: asilimia 18. Mchimbaji anakubali, sababu mashini imesema. Lakini ile mashini inatuma miale ya X, na kila metali inajibu kwa mwale wake. Inasoma sehemu ndogo tu iliyo mbele yake. Mchanga ukiwa na maji, ao mawe makubwa yakichanganyika na madogo, jibu linayumba. Aliyesoma fizike anaomba vitu vitatu kabla ya bei kutajwa: ukaushwe, usagwe na kuchanganywa, upimwe mara tatu. Hakuna matusi, hakuna vita. Anaomba tu kipimo kifanywe kama kipimo.

Ndiyo sababu tunasema fizike mbele. Lakini msifikiri tunaidharau matematike, maana iko tawi moja kubwa lake lililozaliwa mu mgodi wa dhahabu. Mu Afrika Kusini, kwenye migodi ya Witwatersrand, enjinia Danie Krige aliona kwamba makampuni yanadanganywa na sampuli zao. Mahali waliposoma dhahabu nyingi sana, walipochimba walikuta kidogo kuliko walivyotarajia. Mwaka 1951 alionyesha kwa hesabu namna ya kurekebisha: sampuli moja tajiri haitoshi, lazima uipime pamoja na majirani zake. Mfaransa Georges Matheron akaikuza hesabu hiyo ikawa somo kamili, na njia yenyewe akaipa jina la Krige. Leo makampuni makubwa ya madini duniani yanaitumia kabla ya kutupa dola moja mu ardhi.

Sisi tunalipa kila siku bei ya kutoijua. PDG wa shimo anaona konzi moja inayong'aa, anakopa kwa negosian, anaajiri vijana 20, anaahidi. Wiki tatu baadaye mshipa umekwisha, deni limebaki, na vijana wamefanya kazi kwa chakula tu. Ile konzi haikuwa uongo. Ilikuwa sampuli moja. Mtoto wa matematike angewaambia wachukue sampuli 30 kila baada ya hatua fulani, mbaya kwa nzuri, kisha ndipo waongee juu ya kukopa.

Na iko hesabu ya sheria. Sheria ya madini ya Machi 2018 inasema kampuni yenye hati ya kuchimba dhahabu inalipa redevanse ya 3,5%. Pesa hiyo inagawanywa: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa provense, 15% kwa ETD, yaani sheferi, sekta ao komini ya mahali madini yanapotoka, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Chukueni dhahabu ya dola milioni 1. Redevanse ni dola 35 000. Ya ETD ni dola 5 250. Ni wangapi kati yetu wanaokaa mbele ya shefu ao burgmestre na kalamu mkononi, wakamwuliza: ya mwaka jana ilikuwa ngapi, na iko wapi? Swali hilo halihitaji laboratwari. Linahitaji mtu asiyeogopa tarakimu.

Basi kama zote mbili zina faida, kwa nini tunatanguliza laboratwari? Sababu tumeona vijana wetu wakirudi. Tulimkuta mmoja, amemaliza kozi ya fizike yenye pointi nzuri, anaweza kukuandikia sheria ya umeme bila kutazama silabi. Tulipompa voltimetre ya fundi wa redio apime betri, aligeuza nyaya mara tatu akatabasamu kwa haya. Hakuwa mjinga. Chuo chake, ambacho hatutakitaja, kilimfundisha fizike kwa chaki peke yake. Aliandika kipimo ambacho hakukipima, akachora chombo ambacho hakukigusa. Kijana kama huyo amelipa fizike akapewa matematike, tena matematike ya nusu, sababu kule hawakumfundisha hata kuthibitisha mambo mpaka mwisho.

Matematike ya kweli inaweza kusomwa Uvira bila umeme, kwa chaki, kwa karatasi ya nyuma ya kalenda. Mwalimu mzuri mmoja anatosha. Na haiishii mu ualimu tu. Inampeleka mtoto mu takwimu, mu infomatike, mu benki, mu jeolojia ya kisasa. Kuna taasisi ya AIMS, iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2003 na leo iko pia Senegal, Ghana, Kamerun na Rwanda, inayochukua vijana wa Afrika kwa mashindano ya akili na kuwalipia masomo ya mastere. Mtoto wa Fizi anaweza kujaribu kama mtoto wa Dakar.

Wengine watasema fizike haina kazi huku kwetu. Tazameni ziwa. Tangu 2020 maji ya Tanganyika yamepanda, yamemeza nyumba na kufika mpaka bandari ya Kalundu. Mwaka uleule, mwezi wa Aprili, Mulongwe ilitoka mu njia yake usiku, ikabeba nyumba na watu. Nani anapima maji haya? Uvira iko na kituo cha utafiti wa ziwa, CRH, cha tangu zamani. Kinahitaji vijana, na mji unahitaji vipimo vyake kabla ya kuruhusu mtu ajenge kando ya mto. Ongezeni fundi wa eksirei mu hospitali, ongezeni umeme wa jua unaofungwa kila avenyu. Kazi ipo kwa aliyegusa vyombo. Aliyesoma kwa chaki tu ndiye anayekosa.

Na tusiseme kwamba fizike ni ya Wazungu. Uraniumu mwingi uliotumiwa kutengeneza bomu lililopigwa Hiroshima mwaka 1945 ulichimbwa Shinkolobwe, kule Katanga, na mikono ya Wakongo. Wachimbaji walijua uzito wa jiwe, hawakuambiwa nguvu iliyo ndani yake. Miaka 14 baadaye, mwaka 1959, reaktere ya kwanza ya nuklea mu Afrika yote iliwashwa Kinshasa, kwenye chuo kikuu cha Lovanium. Mkongo Félix Malu wa Kalenga alikuja kuiongoza kazi ile. Binti yake, Raïssa Malu, alisoma fizike, akaifundisha, na tangu 2024 ndiye waziri wa elimu ya taifa. Mama anayesema fizike si ya binti amwangalie huyu.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, mtoto akikuletea ile karatasi, usimchagulie. Mtume akaulize mambo manne, na asimwulize karani. Awaulize wanafunzi waliotangulia mwaka mmoja. Laboratwari ilifunguliwa mara ngapi mwaka uliopita? Kila mwanafunzi aligusa chombo, ao asistanti alionyesha kwa mbali? Mashini ikikosa umeme, kuna jenereta ao masomo yanakufa? Na mwalimu wa kozi anakaa mjini, ao anakuja siku tano kwa mwaka na kumaliza kila kitu mbio? Majibu yakiwa mazuri, fizike. Majibu yakiwa mabaya, matematike, na mwalimu wake achunguzwe vilevile.

Kisha umtazame mtoto mwenyewe. Iko aina ya mtoto anayefungua redio iliyokufa hata ukimkataza. Iko mwingine ambaye jibu limepatikana, na bado anatafuta njia ya pili ya kulipata. Wa kwanza ukimnyima vyombo utamwua moyo. Wa pili anaweza kuvumilia chaki miaka mitatu na kutoka akiwa mkali.

Linabaki deni letu sisi wenyewe. Watoto wengi wanafika chuo kikuu hawajawahi kuona mizani ya kweli mu shule ya sekondari, na mtoto wa namna hiyo anachagua kwa woga. Vyuo vya serikali ni mzigo wa serikali, na tutaendelea kuidai. Lakini shule ya sekondari ya sheferi iko karibu yetu, na ile 15% ya ETD iko karibu vilevile. Tunapendekeza kila koperative, kwenye mkutano wake ujao, iweke neno hili kwenye orodha: tumwandikie shefu barua moja, tuombe hesabu ya redevanse iliyopokelewa, na tuombe sehemu yake inunue vyombo vya fizike kwa shule moja. Mizani, voltimetre, temometre, pompe ndogo ya kuonyesha. Vyombo vya kwanza havipiti bei ya motopompe tunayoiharibu kila mvua.

Barua isainiwe na wachimbaji, na mama wanaotwanga, na mwalimu wa shule. Nakala moja ibaki sendika. Baada ya miezi mitatu tutakwenda pamoja kuuliza jibu, na yule kijana wa matematike tutamchukua, ashike kalamu.